Bi Zeyana wa Ziwafikie

Siku ya kwanza kumwona Bi Zeyana nilidhani amefiwa. Duka letu liko Mkunazini. Tunauza bafta ya sanda, pamba, ubani, udi, marashi na karafuu maiti, na mtu anayeingia humo kabla jua halijapanda, mkoba kwapani na pumzi juu, huwa hana haja ya kueleza. Nikateremsha jora la bafta, nikashika mkasi, nikamwambia, "Poleni sana, bibi. Mwanamume au mwanamke?"

"Mimi?" akasema. "Mimi mwanamke. Huoni?"

Sikujua nitazame wapi. Yeye alikwisha kuanza kucheka, akajiziba mdomo kwa upindo wa buibui, maana dukani kwangu watu hawacheki.

"Sijafiwa, alhamdulillahi," akasema. "Nimekuja kuuliza nani aliyefiwa. Nimeambiwa mtu akifa mjini, wewe unajua kabla ya imamu."

Ilikuwa kweli. Watu wakifiwa hutuma mtu kununua sanda kwanza, habari nyingine zote hufuata. Lakini hakuna aliyewahi kuja kuniuliza. Mimi niliishia darasa la saba, nikaingia duka la ami yangu Simai, na ami alipofariki nikabaki nalo. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye haya. Hakuna anayekuja kupiga soga, wala anayebishana bei.

"Leo msiba uko Jang'ombe," nikamwambia. "Mzee Yussuf bin Khatib."

"Na jina lake la mtaani?"

"Yussuf Kandili."

"Kandili!" Akajipiga paji la uso. "Maskini, Kandili! Unaona sasa? Ungeniambia Yussuf bin Khatib peke yake, mtu aliyeko Muscat angejua nani kafa?"

Ndivyo nilivyomjua. Zamani alikuwa mfanyakazi wa redio, kwenye dirisha la kupokea tanzia, na siku nyingine alikuwa akizisoma yeye mwenyewe hewani. Mama yake alipofariki, kaka yake alikuwa Denmark, na habari ilimfikia huko matanga yamekwisha kuanuliwa. Kaka alilia kwenye simu kama mtoto, akamwambia, "Zeyana, wewe unawatangazia watu wote, mimi nduguyo nisipate?" Neno lile halikumtoka. Akamwomba mkwewe anayejua kompyuta amtengenezee tovuti ya tanzia, akaipa jina Ziwafikie. Alilitoa katika yale maneno ambayo tanzia zetu zote humalizikia: habari ziwafikie fulani wa Uroa, fulani wa Pemba, fulani wa Dar es Salaam, na jamaa wote popote walipo.

Tangu siku ile akawa anakuja kila asubuhi. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuandika neno lolote mpaka azungumze na mtu wa nyumba yenye msiba, kwa sikio lake. Akishapata kila kitu, jina, jina la mtaani, mtoto wa nani, anazikwa wapi na saa ngapi, na nani wafikiwe na habari, alisimama katikati ya duka akaisoma tanzia nzima kwa sauti, kama bado yuko redioni. Akijikwaa popote alirudia toka mwanzo. Baada ya hapo ndipo aliipeleka kwenye tovuti.

Msikilizaji wake nilikuwa mimi peke yangu. Nilikaa nyuma ya meza, nikijifanya nakunja bafta ambayo ilikwisha kukunjwa. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, na kila alipotamka jina la mtu ulihisi yule mtu alikuwa na baba na mama, alikuwa na baraza aliyozoea kukaa. Nilimnunulia kiti cha mbao chenye mgongo, nikakiweka karibu na mlango penye upepo. Sikumwambia kuwa ni chake. Siku zile hakukikalia hata mara moja. "Tanzia husomwa kwa kusimama," alisema.

Alikuwa mjane, na binti yake mmoja tu, Muzdalifa, ameolewa Muscat. Mimi sikuoa. Mama alinitafutia mara mbili, na mara zote mbili nilipopelekwa kumwona msichana nilikaa nikitazama zulia mpaka chai ikapoa, wakanisamehe.

"Mkubwa," Bi Zeyana alikuwa akinitania, "aliyekupa jina hili hakukusikia ukizungumza. Jina kubwa, sauti kama ya mbu."

Jibu nililipata jioni, nikifunga mlango, na sikuwa na wa kumpa.

Sikupata kumwombea mtu mauti, Mungu apishe mbali. Lakini siku ambazo hakufa mtu zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeshafagia baraza, nimeshafukiza udi, na mlango ulibaki na mwanga tu. Mpaka asubuhi moja akaingia hata hivyo.

"Leo nani?"

"Leo hakuna."

"Alhamdulillahi," akasema. Na hakuondoka. Alisimama akinusa marashi, chupa moja baada ya nyingine, akiyaita majina yake. Toka hapo hata siku zisizo na msiba alikuja, na mimi nikaacha kuziona ndefu.

Watu waliiamini Ziwafikie kuliko yale makundi ya simu. Huko kwenye makundi watu huzikwa wakiwa hai. Palikuwa na Mzee Mahfoudh wa Amani, aliyefanana jina, baba na babu na marehemu mmoja wa mtaa huohuo. Habari ikaruka asubuhi, na wanawe walioko Dubai wakaanza kulia na kukata tiketi. Mzee alikuwa barazani anakunywa kahawa, akashangaa kuona watu wanakuja na nyuso za kilio.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe," wakamjibu.

"Lini? Mbona sikuambiwa?"

Wanawe wakafungua Ziwafikie, wakaona jina lile lakini limeandikwa Mahfoudh Bandari, na baba yao ni Mahfoudh Tende. Wakashukuru. Toka siku hiyo Mzee Mahfoudh alituma salamu dukani kila Ijumaa: mwambieni Bi Zeyana nipo.

Chini ya tovuti palikuwa na anwani moja tu, duka la Mkubwa Simai, Mkunazini. Ndiyo sababu Sabri alikuja kwangu.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Amani, ameishi Dar es Salaam muda mrefu kisha akarudi, shati limepigwa pasi, adabu nyingi. Kazi yake ilikuwa kununua tovuti zilizoanzishwa na watu wengine, kuzitengeneza, kuziingizia fedha, na nyingine kuziuza tena. Bi Zeyana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyekufa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kuzungumza habari ya tovuti yako. Nataka kuinunua."

"Unainunua vipi? Mtandao unafungwa kwenye mfuko?"

"Nanunua jina lake, na mahali pake, na watu wake walioizoea. Tovuti yako ni mali, mama, lakini imelala. Watu wanaifungua kila asubuhi kabla ya chai, Muscat, Dubai, London, mpaka Toronto. Na miaka yote hii hujaweka tangazo hata moja!"

Bi Zeyana akamtazama, halafu akanitazama mimi.

"Mkubwa, huyu kijana anajua kusoma kweli? Sijaweka tangazo? Jana nimeweka la Salhiya wa Uroa. Juzi la Mmanga Kijiko. Wiki iliyopita matangazo yalinizidi mpaka vidole vikaniuma."

"Hayo siyo matangazo, mama."

"Siyo matangazo! Watu wamekufa, mwanangu!"

"Samahani, samahani. Nakusudia matangazo ya hoteli. Ya simu. Ya tiketi za ndege."

"Hoteli gani imefiwa?"

Mimi nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta pamba ambayo ilikuwa juu ya meza. Ilichukua muda mpaka wakaelewana. Tangazo lake yeye lilikuwa tanzia, na tangazo la Sabri lilikuwa biashara, na kwa miaka kumi na zaidi haikumpitikia Bi Zeyana kuwa ukurasa ule wa vifo ungeweza kukaa na jambo la pili. Sabri akamweleza taratibu. Yeye akasikiliza, akaacha utani, akamwambia arudi wiki inayofuata.

Sabri alipotoka, Bi Zeyana alibaki amesimama, simu mkononi.

"Muzdalifa ananitaka," akasema. "Kila siku ananiambia, mama, wajukuu wako wanakujua kwa sauti tu kama wewe redio. Nami nimechoka, Mkubwa. Kila asubuhi mimi ndiye wa kwanza kulia. Lakini nikienda huko, nitawasikia vipi watu wa msiba? Siwezi kutangaza mtu niliyesimuliwa. Nilikuwa nasema nikiondoka itakufa. Sasa Mungu ameleta mtu." Akanigeukia. "Unaonaje? Niuze?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kubwa kama lile. Nilijua ninachotaka kusema. Nilikuwa nakijua tangu siku ya Yussuf Kandili. Nilishika ukingo wa meza, na maneno yaliyotoka yalikuwa haya:

"Ukiuza, nani atakuja hapa asubuhi?"

Akaishusha simu. Nikadhani ameelewa. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Wallahi umesema," akasema polepole. "Hilo sikulifikiria. Huyu Sabri atakaa Amani kwenye kiyoyozi, atafuata ya makundi, atamzika Mzee Mahfoudh mara ya pili. Lazima aje mtu hapa, kila asubuhi, aulize kwa mdomo. Nitalitia kwenye mkataba."

Na alilitia. Neno moja nililopata kulisema maishani mwangu kwa mwanamke likawa sharti la pili la mkataba wa tovuti.

Siku Sabri aliporudi, alikuwa na karatasi zake, na Bi Zeyana alikuwa na masharti matatu. La kwanza, tanzia zibaki bure, tajiri na maskini. Sabri akakubali. La pili, mtu wake afike dukani kila siku. Akakubali hilo pia, akasema tena ni zuri, atamtuma binti mmoja anaitwa Badria, anakaa hapo Kiponda. La tatu lilikuwa hayo matangazo yake yatakaa wapi.

"Ngoja nikuonyeshe," akasema, akageuza simu. Alikuwa amefanya mfano, ametumia tanzia ya Salhiya wa Uroa. Juu ya jina lake palikuwa na picha ya pwani, minazi na kitanda cha kamba, na maneno makubwa: Njoo Upumzike Uroa.

Bi Zeyana alitazama kwa muda.

"Salhiya ameshapumzika," akasema. "Si Uroa."

"Ule ni mfano tu, mama."

"Basi mwanangu, chukua karatasi zako. Kama ndivyo, siuzi."

Nilikuwa nimesimama karibu na mizani ya ubani. Nataka kusema kweli nilivyokuwa. Nilikuwa nataka Sabri akasirike. Nilitaka azoe karatasi, aseme kwaheri, arudi Amani, na kesho asubuhi iwe kama asubuhi zote. Alikuwa amekwisha kuanza kuzikusanya. Alikuwa anasema bila ya matangazo juu ya ukurasa hakuna faida, kwa sababu watu wanakuja kwa ajili ya hao marehemu, na ukurasa mwingine wowote hakuna atakayeufungua.

Hapo tukasikia dhikri kutoka upande wa Darajani. Kilikuwa kishindo cha miguu na sauti za wanaume, la ilaha illa llah, zikija na uchochoro. Nikashusha ubao mmoja wa mlango. Muuza ndimu wa mbele yetu aliyekuwa akinadi akakata neno katikati. Fundi cherehani akaondoa mguu. Simu ya Sabri ikalia, akaizima bila kuitazama, akainuka, na jeneza lilipofika mbele ya duka akatoka akatia bega. Na mimi nikatoka. Tulilisindikiza mpaka kwenye kona, wengine wakatupokea, tukarudi. Nyuma yetu cherehani ikaanza tena, na yule wa ndimu akaendelea kunadi.

Sabri akakaa, akapangusa jasho. "Kwa hiyo, mama, nilikuwa nasema..."

"Umeona ulivyofanya?" Bi Zeyana akamuuliza.

"Nimefanya nini?"

"Ulikuwa katikati ya biashara yako. Jeneza limekuja, umesimama, simu umezima. Limepita, umerudi unataka kuendelea. Nani kakwambia ufanye hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo tunavyofanya."

"Basi fanya hivyohivyo kwenye tovuti. Tangu mtu atangazwe mpaka azikwe, ukurasa wake uwe mweupe. Akishazikwa, uza ndimu zako."

Sabri alicheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini saa hizo ndizo watu wanazofungua zaidi."

"Ndiyo maana."

Alikaa akigonga kalamu kwenye goti. Nilimtazama kwa jinsi ambavyo sikuwahi kumtazama mtu. Kataa, nilikuwa nasema ndani. Kataa, mwana wa mwenzangu, kataa. Yeye akatazama mlangoni, pale lilipopita jeneza, akasema, "Sawa, mama. Watu watarudi jioni kuandika dua. Jioni nitapata changu." Akaandika sharti la tatu kwa mkono wake pembeni ya karatasi, wakatia saini juu ya meza yangu, na mimi nikatia saini ya shahidi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine.

Sasa ni mwaka wa pili tangu Bi Zeyana ahamie Muscat. Mkataba unafuatwa, sina la kulalamika. Badria anakuja kila asubuhi, binti mwema, ananiita mjomba, na ameshajifunza kuuliza jina la mtaani. Anaandika kwa kidole gumba haraka kuliko ninavyokata bafta. Hasomi kwa sauti. Kile kiti anakikalia, na kweli mlangoni pale pana upepo mzuri. Jioni, watu wakishatoka makaburini, hoteli ya Uroa inajitokeza juu ya ukurasa, na ndege za kwenda Muscat, bei za msimu. Naziona hizo ndege. Nimenunua simu ya kupangusa kwa ajili ya kuufungua ukurasa ule.

Naufungua alfajiri, kabla Badria hajafika, na najua ni upuuzi, kwa kuwa ya siku hiyo hutoka kwangu. Lakini wanaofia nje nao hutangazwa siku hizi, jamaa zao huandika wenyewe. Napitisha macho juu mpaka chini. Nikishaona kuwa jina ninalolitafuta halimo, nashusha pumzi, nafukiza udi, nafungua ubao wa pili wa mlango. Namba yake ya Muscat ninayo. Nilishaibonyeza mara moja, ikalia kidogo, nikaikata.

Asubuhi aliyosafiri hakufa mtu. Aliingia wakati wake uleule, buibui jipya, harufu ya udi wa nyumbani kwao.

"Leo nani?"

"Leo hakuna."

"Alhamdulillahi."

Akaenda akakaa kwenye kiti. Alikaa kabisa, akaegemea mgongo, akaweka mkoba mapajani, akatazama duka kutoka hapo kana kwamba hakuwahi kuliona.

"Kumbe kizuri," akasema. "Ulikinunua wapi?"

"Kwa fundi wa Jang'ombe."

"Lini?"

"Zamani."

Akakipapasa kwa mkono mmoja. Hakuniuliza nilikinunua kwa ajili ya nani.

"Mkubwa, miaka yote hii nakuuliza majina ya watu ya mtaani, lako sijakuuliza. Unaitwa nani?"

"Sina."

"Mtu wa Mkunazini hana jina la mtaani! Watu wanakwitaje?"

"Mkubwa tu."

Alicheka, na safari hii hakujiziba mdomo. Nje gari lililokuja kumchukua likapiga honi kule barabarani, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilichukua chupa ya marashi, ile aliyokuwa akiinusa mwisho kila mara, nikaiweka kwenye mkoba wake, na nadhani nilisema safari njema, ingawa sina hakika kama ilisikika. Akainuka, akajitanda vizuri, akafika mlangoni, akageuka. Alisimama kama alivyokuwa akisimama akisoma.

"Nshamwambia Muzdalifa," akasema. "Siku yangu ikifika, kabla ya kaka, kabla ya mtu yeyote, aandike habari zimfikie Mkubwa wa Mkunazini. Basi usihame hapa, Mkubwa. Zisije zikakukosa."